Sensa 2022: Namba 61,741,120 ina nini ndani? Hesabu yake inavyoweza kumwokoa mkulima wa Nachingwea na Ruangwa

Oktoba 31, 2022 jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza namba moja ambayo mpaka leo iko kwenye hotuba, bajeti na mitihani: 61,741,120. Hiyo ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa Tanzania kwa usiku wa kuamkia Jumanne, Agosti 23, 2022.

Wengi waliisikia, wakasema "tumekuwa wengi", wakaendelea na mambo yao. Lakini ukiiweka kando siasa na mipango, ukabaki na namba yenyewe, utakuta ina tabia zake. Inagawanyika kwa nini? Imejengwa na namba zipi? Unaweza kujua kama imekosewa bila kurudia kuhesabu watu?

Swali la mwisho ndilo lenye pesa ndani yake. Mbinu inayokagua namba ya sensa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukagua karatasi ya malipo ya korosho au ufuta kule Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Na haihitaji bando.

Twende taratibu.

Kwanza, namba za nyumbani

Katika sensa hiyo, Wilaya ya Nachingwea ilikuwa na watu 233,655. Ruangwa, nyumbani kwa Namungo FC, ilikuwa na watu 185,573. Ukizijumlisha wilaya hizi jirani unapata 419,228. Mkoa mzima wa Lindi ulikuwa na watu 1,194,028.

Miaka kumi kabla, kwenye sensa ya 2012, Nachingwea ilikuwa na watu 178,464 na Ruangwa 131,080. Maana yake Nachingwea imeongeza watu 55,191, na Ruangwa imeongeza 54,493.

Nyongeza zinakaribiana, lakini uzito wake hauko sawa. Kwa kila watu 100 waliokuwepo Ruangwa mwaka 2012, mwaka 2022 walikuwepo takriban 142. Nachingwea ni takriban 131. Taifa zima, lililotoka 44,928,923, ni takriban 137. Kwa hiyo Ruangwa imekua haraka kuliko wastani wa nchi, Nachingwea imekua polepole kidogo. Anayepanga madarasa, visima na zahanati anatakiwa aione tofauti hiyo.

Ndani ya 61,741,120 kuna namba tano tu

Shuleni tulifundishwa namba tasa: namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote, isipokuwa 1 na yenyewe. Mfano 2, 3, 5, 7, 11, 13. Kila namba nzima kubwa kuliko 1, hata iwe ndefu kiasi gani, ama yenyewe ni tasa au ni zao la namba tasa. Na mchanganyiko huo ni mmoja tu kwa kila namba. Hakuna namba mbili zenye mchanganyiko unaofanana.

Chukua kikokotoo cha simu, anza kuigawa namba ya sensa kwa 2:

30,870,560
15,435,280
7,717,640
3,858,820
1,929,410
964,705

Imegawanyika kwa 2 mara sita. Sasa 964,705 inaishia na 5, gawa kwa 5: unapata 192,941. Gawa kwa 7: 27,563. Hapo inakuwa ngumu. Inakataa 11, inakataa 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37 na 41. Ukifika 43 inakubali: 641. Na 641 yenyewe ni namba tasa. Mwisho wa safari.

Kwa hiyo 61,741,120 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641. Namba tasa za aina tano tu.

Ukishajua hilo, unajua mengine yote. Namba hii ina vigawo 112, yaani kuna namba 112 zinazoigawa bila kubakiza kitu. Ungeweza kuwapanga watu wote hao kwenye makundi 7 yaliyo sawa, kila moja watu 8,820,160. Au makundi 64 ya watu 964,705. Lakini makundi matatu sawa haiwezekani: atabaki mtu mmoja.

Ruangwa ni ngumu kuvunja

Jaribu sasa na Ruangwa: 185,573. Inakataa 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17. Inakubali 19, na kinachobaki ni 9,767, ambayo ni namba tasa. Basi. Vigawo vyake ni vinne tu: 1, 19, 9,767 na yenyewe. Ukitaka kugawa watu hao katika makundi sawa una njia mbili za maana: makundi 19 ya watu 9,767, au makundi 9,767 ya watu 19.

Nachingwea ni rahisi zaidi. 233,655 inaishia na 5, kwa hiyo 5 inakubali. Jumla ya tarakimu zake ni 24, kwa hiyo 3 nayo inakubali. Ukiendelea unafika kwenye 3 × 5 × 37 × 421. Vigawo vyake ni 16.

Umeona? Ukubwa wa namba hauelezi ugumu wa kuivunja. Ya taifa ni kubwa mara mia tatu na zaidi kuliko ya Ruangwa, ila ilianza kuachia mapema. Hili litarudi mbele kidogo, kwenye simu yako.

Mbinu ya tisa: kukagua bila kurudia

Hapa ndipo penye faida.

Chukua namba yoyote, jumlisha tarakimu zake. Ukipata zaidi ya tarakimu moja, jumlisha tena mpaka ibaki moja. Kwa 61,741,120: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, na 2+2 ni 4. Hiyo 4 ndiyo baki ukiigawa namba nzima kwa 9. (Ukiishia na 9, baki ni sifuri.)

Kwa nini inafanya kazi? Fikiria noti. Elfu kumi ukiigawa kwa 9 inabaki 1. Elfu moja, inabaki 1. Mia, inabaki 1. Kumi, inabaki 1. Kwa hiyo elfu saba inabakiza saba, mia nne inabakiza nne. Kila tarakimu inaleta baki yake, ndiyo maana kujumlisha tarakimu kunatosha.

Sasa ikague sensa. Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347: tarakimu zake zinafanya 42, yaani 6. Zanzibar 1,889,773: zinafanya 43, yaani 7. Jumlisha 6 na 7 unapata 13, yaani 4. Na jumla kuu ni 4. Imekubali.

Jaribu kwa jinsia. Wanawake 31,687,990, unapata 7. Wanaume 30,053,130, unapata 6. Jumla 13, yaani 4. Imekubali tena.

Hukuhesabu mtu hata mmoja, lakini umekagua kujumlisha kwa namba za mamilioni ndani ya dakika moja.

Iweke kwenye korosho

Nachingwea, Ruangwa na Liwale wanauza korosho kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na wilaya hizo tatu. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unaingia ghalani, unapigwa mnada, kisha malipo yanakuja. Katika safari hiyo namba zinaandikwa na kunakiliwa mara nyingi, na kila kunakili ni nafasi ya kukosea.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mkulima ana kilo 1,347. Bei ni Sh2,860 kwa kilo. Kabla ya makato anatakiwa kuona Sh3,852,420.

Kagua kwa tisa. Kilo: 1+3+4+7 ni 15, yaani 6. Bei: 2+8+6+0 ni 16, yaani 7. Kwa sababu hapa tunazidisha, 6 × 7 ni 42, yaani 6. Jibu: 3+8+5+2+4+2+0 ni 24, yaani 6. Sawa.

Tuseme kwenye karatasi imeandikwa Sh3,842,420. Tarakimu zinafanya 23, yaani 5. Ilitakiwa 6. Hapo hapo unajua kuna kosa, na elfu kumi yako iko njiani kupotea.

Angalizo: fanya hivi kwenye hesabu ya kilo mara bei, kabla ya makato. Makato yanakaguliwa peke yake.

Kosa ambalo tisa haioni

Mbinu hii ina udhaifu, na ni vizuri kuujua. Tuseme mtu amebadilisha nafasi za tarakimu mbili: badala ya 3,852,420 ameandika 3,582,420. Tarakimu ni zile zile, jumla ni 24 ile ile, mbinu ya tisa inasema "sawa". Lakini mkulima amepoteza Sh270,000.

Makosa ya kupindua tarakimu ni ya kawaida mno kwa anayenakili kwa haraka. Yana alama yake, ambayo wahasibu wanaijua: tofauti kati ya namba sahihi na iliyopinduliwa hugawanyika kwa 9 siku zote. Hapa 270,000 ni 9 × 30,000. Kwa hiyo vitabu viwili visipolingana, na tofauti ikawa inagawanyika kwa 9, jambo la kwanza la kutafuta ni tarakimu zilizopinduliwa.

Na kuna mbinu ya kulikamata mapema: kumi na moja. Anza na tarakimu ya mwisho kulia, kisha toa, jumlisha, toa, jumlisha, mpaka umalize.

Kilo 1,347: 7−4+3−1 ni 5. Bei 2,860: 0−6+8−2 ni 0. Zidisha, 5 × 0 ni 0. Jibu sahihi 3,852,420: 0−2+4−2+5−8+3 ni 0. Imekubali. Lililopinduliwa 3,582,420: 0−2+4−2+8−5+3 ni 6. Imekataa. Kosa limekamatwa.

Ukipata hasi, ongeza 11. Ukipata zaidi ya 10, punguza 11 mpaka ishuke. Tumia tisa na kumi na moja kwa pamoja na makosa mengi ya kunakili hayapiti. Si yote, lakini mengi.

Kitu kimoja mbinu hizi haziwezi: kujua kama mizani ilipima sawa. Kilo zikiandikwa pungufu tangu mwanzo, hesabu itakubali vizuri kabisa na mkulima atakuwa ameibiwa. Hesabu inakagua hesabu. Mizani unaikagua kwa macho yako.

Nachingwea inalijua somo hili kwa gharama

Historia ya wilaya hii ina mfano mkubwa wa namba iliyokubali kwenye karatasi ikakataa ardhini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula na ikapanga mashamba makubwa ya karanga. Mpango ulikuwa ekari 3,210,000: mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na 10 Kenya. Jumlisha: 107. Zidisha: 3,210,000. Hakuna kosa hata la ekari moja.

Maeneo ya Tanganyika yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa hadi reli kutoka Mtwara, pamoja na bandari.

Kilichofuata kinajulikana. Visiki na mizizi vilivunja mashine, ardhi ya Kongwa ikakauka na kuwa ngumu, mvua hazikufuata ratiba ya London. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ikawa takriban pauni milioni 36. Reli nayo baadaye iling'olewa.

Kuzidisha kulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kile kilichoingizwa mwanzoni: udongo, mvua na mashine. Ni hadithi ile ile ya mizani.

641: namba iliyomkatalia bingwa

Turudi kwenye ile namba tasa ya mwisho ndani ya sensa yetu, 641. Ina jina lake kwenye historia ya hisabati.

Karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Namba hiyo unaipata ukizidisha 2 kwa yenyewe mpaka ziwe 2 thelathini na mbili, kisha ukaongeza 1. Miaka ilipita bila mtu kuivunja. Mwaka 1732 Mswisi Leonhard Euler akaonesha kuwa si tasa: ni 641 × 6,700,417.

Kigawo kile kile kilichomwangusha Fermat ndicho kimekaa ndani ya idadi ya Watanzania wa 2022. Ni bahati tu, lakini ni bahati nzuri kwa mwalimu anayetafuta mfano wa darasani.

Kuna nyingine. Namba ya sensa inaanza na 6174, na hiyo nayo ni maarufu. Mwalimu wa shule kutoka India, D. R. Kaprekar, aliigundua mwaka 1949. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne zisizofanana zote. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, toa. Rudia.

Mfano, mwaka wa sensa, 2022:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Ukifika 6174 hutoki tena, kwa sababu 7641 − 1467 ni 6174. Namba yoyote utakayoanza nayo, hufiki hatua ya nane kabla hujaingia humo. Jaribu na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu.

Simu yako inategemea ugumu wa kuvunja namba

Unakumbuka Ruangwa ilivyokataa mpaka 19? Ugumu huo ukikuzwa sana ndio kufuli.

Kuzidisha namba tasa mbili ni kazi ya sekunde, hata ziwe ndefu. Kurudi nyuma, yaani kupewa zao na kuambiwa utafute zilizozidishwa, ni balaa. Moja ya njia maarufu za kulinda mawasiliano kwenye intaneti, iliyotangazwa mwaka 1977 na kuitwa RSA, imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Ugumu wake ni wa kiwango gani? Februari 2020 watafiti walifanikiwa kuvunja namba ya majaribio yenye tarakimu 250. Kazi hiyo ingechukua takriban miaka 2,700 kama ingefanywa na kiini kimoja cha prosesa. Funguo zinazotumika sana leo zina tarakimu 617.

Kwa hiyo tapeli anayetuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hajavunja hesabu yoyote. Hawezi. Anachofanya ni kukuomba umfungulie mwenyewe. Namba yako ya siri ukimtajia, tarakimu 617 hazikusaidii kitu.

Je, namba hii bado ni yetu?

Kama idadi ya watu, hapana. 61,741,120 ilikuwa ya usiku mmoja wa Agosti 2022. Mtoto mmoja tu akizaliwa, inakuwa 61,741,121, ambayo ni witiri: haigawanyiki tena kwa 2, wala kwa 5, wala kwa 7. Namba tasa zote tano tulizozitaja zinaondoka kwa mtoto mmoja.

Kama namba, sifa zake hazibadiliki. Itabaki na vigawo 112 na ile 641 yake, hata Watanzania wakifika milioni mia.

Kwa mkulima wa Nachingwea au Ruangwa, msimu ukifika, vya kukumbuka ni vitatu. Simama karibu na mizani wakati mzigo wako unapimwa. Kabla ya kusaini, kagua kilo mara bei kwa tisa, kisha kwa kumi na moja. Na ukikuta haikubali, usigombane: mwombe karani mrudie pamoja, maana mara nyingi ni tarakimu mbili tu zimebadilishana viti.